Sifa Isiyorejea: Uzee, Sauti na Umaarufu wa Bi Kidude

Masimulizi mengi kuhusu wanamuziki wakongwe husawiri uzee kama ukiwa. Mwimbaji aliyewahi kushangiliwa husahauliwa, hutamani enzi zake, kisha hupata au hukosa fursa ya pili. Muundo huu wa kupanda, kushuka na kurejea umetumiwa pia kumweleza Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, msanii wa Zanzibar aliyefariki dunia tarehe 17 Aprili 2013. Tuzo ya WOMEX aliyopewa mwaka 2005 na filamu ya Andy Jones, *As Old as My Tongue* (2006), huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba dunia ilimrejeshea bibi huyu sifa yake. Makala haya yanadai kwamba muundo huo unaficha mambo mawili ya msingi kuhusu sanaa yake.

Jambo la kwanza ni mahali sifa inapopimwa. Anayefuatilia santuri na majukwaa ya taarab pekee ataona kimya cha miaka mingi. Hata hivyo, Bi Kidude alikuwa pia mpigaji wa msondo na mfundaji wa wari katika unyago, na huko uzee si upungufu. Anayefunda huheshimiwa kwa sababu ameishi na ameona. Mamlaka yake hukua kadiri umri unavyosonga. Kwa kuwa unyago hufanyika faraghani, miongoni mwa wanawake, sifa yake haiachi matangazo wala rekodi. Kinachoitwa kusahauliwa, basi, huenda ni upofu wa mtazamaji.

Jambo la pili ni mwenye sifa yenyewe. Sehemu muhimu ya hazina ya nyimbo za Bi Kidude inatokana na Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay kuanzia mwaka 1928 na kufariki mwaka 1950. Shaaban Robert alimhifadhi Siti kwa wasifu, akamfanya kielelezo cha maisha adilifu. Bi Kidude alimhifadhi kwa koo. Sauti yake ya uzeeni, kavu na yenye mikwaruzo, haikuiga ulaini wa ujana; ilizipa nyimbo za mtangulizi wake uzito wa kitu kilichopokewa na kutunzwa. Kwa mtazamo huu, shauku ya mkongwe si lazima iwe kujitamani yeye wa jana. Inaweza kuwa kumzuia mwingine asipotee.

Hoja hii haimaanishi kwamba Bi Kidude aliupa umaarufu kisogo. Alipanda majukwaa ya ng'ambo katika umri ambao wengi huwa wamekwisha kukaa kitako, na jukwaa lilimpa hadhira mpya. Lakini jukwaa hilo lilikuwa na gharama. Ngoma iliyokusudiwa masikio ya wari ilitazamwa na wanaume na wageni waliokata tiketi. Mafundisho yakawa maonyesho. Hapo hapakurejea sifa ya zamani. Ilizaliwa sifa nyingine, yenye hadhira nyingine na masharti mengine.

Uhakiki wa sanaa ya wakongwe unapaswa kuanza na swali hilo: msanii alisahauliwa na nani? Bila kulijibu, mhakiki huandika historia ya masikio yake mwenyewe, akadhani ameandika historia ya mwimbaji.