Kisu cha Springi na Moto Uliokipika

Katika nchi zetu mtu aingiaye porini huwa tayari ameshika panga. Panga litafyeka njia, litakata kuni, litafungua dafu. Kwa hiyo kisu kinachofuatana nalo hakina haja ya kuwa kikubwa, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea kabla hata ya kutoa pesa. Vile visu vya kutisha vitokavyo nje, vyenye mgongo wa milimita 6 na meno ya msumeno juu yake, vilibuniwa kwa mtu asiye na panga, anayelazimika kufanya kila kazi kwa chombo kimoja. Kisu chetu kina kazi zake: kuchuna mbuzi, kuchonga vigingi vya hema, kukata kamba, kupasua vibanzi vya kuwashia moto, kukata vitunguu jioni. Kazi hizo zinataka bapa la sentimita 10 hadi 13, mgongo wa milimita 3 au 4, na makali membamba. Tena kisiwe cha kukunja. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo hukusanya mchanga, damu na mafuta ya nyama mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Kisu bora cha namna hii si lazima kitoke kiwandani. Mhunzi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Kamukunji jijini Nairobi, au wa Mamba kule Uchaggani, anaweza kukifua kutokana na kipande cha springi ya lori, kikamtumikia mwenyewe na mwanawe. Tabu ni kwamba meza hiyohiyo inaweza kuwa na kisu kingine kinachong'aa vilevile, ambacho hakitakata kitu baada ya wiki. Kinachovitofautisha ni moto uliovipika, na moto hauachi alama pale mnunuzi anapotazama. Inabidi autafute.

Tuanze na chuma chenyewe. Springi bapa za lori, zile zinazopangwa tabaka juu ya tabaka chini ya chasisi, ni feleji yenye kaboni ya karibu asilimia 0.6. Kiasi hicho kinatosha kukifanya chuma kiwe kigumu kikipikwa, bila kukifanya chepesi kuvunjika. Nondo za ujenzi kwa kawaida hazifiki nusu ya kaboni hiyo. Kisu cha nondo kitanolewa asubuhi na jioni kitakuwa butu, na hakuna moto wala mafuta yatakayokiponya. Tupa kuukuu ina kaboni ya asilimia 1 na zaidi. Makali yake hudumu sana, lakini yanamtaka mhunzi mwangalifu, na yale meno ya tupa yasiposagwa yakaisha kabisa huwa chanzo cha ufa.

Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu tanuri za Kagera, ambamo wahenga wa eneo hilo walitengeneza chuma chenye kaboni kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mhunzi wa leo hayeyushi tena mawe ya chuma. Kaboni anaikuta tayari ndani ya springi. Lakini kaboni hiyo imelala, na kuiamsha bado ni kazi yake.

Muulize basi springi ilitoka wapi, na ilitolewa garini ikiwa nzima au imevunjika. Springi iliyovunjika barabarani imechoka, na karibu na mvunjiko wake huwa na nyufa nyembamba kama unywele ambazo nyundo huzificha tu. Fundi anayejiheshimu hukata mbali na hapo, na atakuonyesha kipande kilichobaki. Mwombe akiguse kwenye grinda. Cheche za springi hupasuka na kutoa matawi mengi. Za chuma laini hutoka ndefu, zimenyooka, na matawi yake ni machache.

Sasa moto. Bapa likishafuliwa na kuchongwa umbo lake, hupashwa hadi liwe jekundu la kung'aa. Kipimo kizuri hapo ni sumaku: chuma kikifika kama nyuzi 770 za Selsiasi, sumaku haikishiki tena. Mhunzi hukiongezea moto kidogo kupita hapo, kisha hukizamisha katika mafuta, mara nyingi oili chafu ya gari iliyopashwa kidogo. Maji hupoza haraka mno kwa chuma cha springi, na wengi wanaotumia maji hupasua kisu kimoja katika kila vichache, wakati mwingine bila kujua. Kikitoka kwenye mafuta, kisu ni kigumu lakini kinavunjika ovyo; kikianguka sakafuni kinaweza kukatika ncha. Kwa hiyo hurudishwa kwenye moto mpole, kiasi cha nyuzi 200 hadi 230, hadi chuma kilichosuguliwa kigeuke manjano ya bua kavu. Kikizidi hapo huingia kahawia, kisha zambarau, kisha bluu. Bluu ni rangi ya springi: kinakunjika na kurudi, lakini makali yake hayadumu.

Kutokana na hatua hizo unaweza kukisia jinsi visu vibaya vinavyozaliwa. Kuna kisu kilichochongwa kwa grinda moja kwa moja kutoka kwenye springi, hakikupita motoni kabisa. Hicho si kiovu. Kama panga kingefaa. Lakini kama kisu kitakusumbua kwa kunoa. Kuna kilichopikwa vizuri, kisha kikamalizwa kwa grinda bila kupozwa, na ncha yake nyembamba ikageuka bluu kwa sekunde chache. Na kuna kile kilichozimishwa kisirudishwe motoni, ambacho hukata ajabu siku ya kwanza na kumeguka siku ya pili. Msasa hufuta rangi zote hizo, ndiyo maana kisu kinachometameta kupita kiasi hunipa wasiwasi kuliko chenye weusi wa tanuri mgongoni.

Kipimo cha kwanza kinafika pasipofikiwa na macho: chukua tupa ndogo nzuri na uiburute polepole juu ya makali, karibu na mpini ambako alama haitadhuru. Tupa ikila kwa urahisi, chuma ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo bila kushika popote, chuma kina ugumu wa kuvunjika, hakikurudishwa motoni. Unachotaka ni tupa ishike kwa shida na kutoa vumbi dogo. Rudia karibu na ncha, kwa kuwa ndipo grinda huunguza.

Kipimo cha pili ni cha makali yenyewe, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Weka ufito wa shaba mezani, ukikosekana tumia msumari mnene. Laza kisu juu yake kwa pembe ndogo, makali yakigusa ufito, kisha kandamiza huku ukitazama mwanga unavyocheza kwenye ukingo. Utaona makali yakijikunja kidogo pale yanapokaa juu ya ufito. Ukiondoa mkono, yanapaswa kurudi na kunyooka. Yakibaki yamepinda, kisu ni laini. Yakimeguka, ni kikavu. Yakirudi, mhunzi anajua kazi yake. Wapo mafundi wasiopenda ukifanye kipimo hiki mezani kwao. Heshimu hilo, na ununue kwingine.

Ufa husikika kabla haujaonekana. Bapa ambalo halijatiwa mpini, ukilishika kwenye msuka, ule mkia unaoingia ndani ya mpini, kwa vidole viwili na kulipiga kwa ukucha, linapaswa kulia wazi na sauti ikae. Lenye ufa hutoa sauti fupi, iliyokufa.

Baada ya moto linafuata umbo. Wanunuzi hupima unene wa mgongo, wakati unene unaohusika uko nyuma tu ya makali. Hapo chuma kisizidi milimita 0.5 hadi 0.7 kabla ya pembe ya kunolea kuanza. Kisu chenye bega nene kitapasua kiazi badala ya kukikata, hata kiwe kikali kiasi gani. Angalia visu vya Mora, mji wa Uswidi wenye desturi ndefu ya wahunzi: vingi vina mgongo wa milimita 2.5 tu, mpini wa plastiki na msuka usiofika mwisho wa mpini, na bado maseremala, wavuvi na wanajeshi wanavitegemea. Bei yake ni ndogo, na bado moto na umbo ni sahihi. Kwa mtu wa pwani anayeshinda na maji ya chumvi, Mora isiyoshika kutu ni chaguo la busara kuliko kisu chochote cha springi, na ninalisema hilo ingawa moyo wangu uko kwa wahunzi wetu.

Sime ya Kimaasai nayo ina somo lake. Hupanuka kuelekea ncha na ina mfupa unaopita katikati ya bapa; uzito umewekwa mbele kwa sababu ni silaha ya kupiga. Kisu cha kazi kinataka kinyume chake. Kilaze juu ya kidole cha shahada pale bapa linapokutana na mpini: kikitulia hapo, au kikielemea nyuma kidogo, mkono hautachoka.

Mpini wa kisu cha kijijini mara nyingi hutiwa kwa kuupasha msuka hadi uwe mwekundu na kuuchoma ndani ya mti. Njia hiyo hushika vizuri, lakini joto hupanda kwenye bapa na kuharibu kazi yote ya mafuta. Tundu linapaswa kuchomwa kwa chuma kingine, au kwa msuka huohuo kabla kisu hakijazimishwa. Uliza. Kama msuka umepita mzima na mbao mbili zimebanwa kwa ribiti, pitisha ukucha kwenye maungio. Ukucha ukikwama, damu na maji vitaingia. Mpingo ni mti mzuri mno, mzito hata huzama majini, lakini mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu huuzwa kwa jina lake; kitambaa chenye maji kikitoka na weusi, umepata jibu. Mimi hupenda mninga kuliko mpingo kwa kisu cha porini, kwa kuwa mpingo uliosuguliwa huteleza mkono ukiwa na mafuta. Shika mpini kwa nguvu, zungusha kiganja, usikilize ngozi yako: kona yoyote unayoihisi dukani itakuwa lengelenge baada ya saa moja ya kuchonga.

Ala isikupotezee muda mrefu. Igeuze juu chini uitikise, kisu kisitoke. Ndani yake, upande wa makali, kuwe na ukanda wa ngozi unaoulinda uzi usikatwe.

Kwenye kazi, kanuni ya mwili inatangulia ufundi. Usichonge kitu juu ya paja. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na jeraha lake huua kabla gari halijafika. Keti, viwiko juu ya magoti, kazi iwe mbele ya magoti, kisu kiende mbali nawe. Kisu kisitumike kukwangulia makopo wala kufungulia mabati. Kupasua vibanzi kwa kugonga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti kunaruhusiwa, mradi kuni ziwe nyembamba kuliko urefu wa bapa na ziwe na nyuzi zilizonyooka. Penye kifundo, rudi kwenye panga.

Kunoa ni kwa jiwe, maji na subira. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 2.5, inua mgongo milimita 8 au 9 kutoka kwenye jiwe. Hiyo ni pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande, inayofaa porini. Endelea upande mmoja mpaka uhisi ukingo mdogo wa chuma umejikunja upande wa pili kwa urefu wote, kisha geuza. Maliza kwa kuvuta kisu kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi. Mnoa visu wa baiskeli anayepita mitaani anafaa kwa visu vya jikoni vya bei nafuu. Hiki usimpe. Kila cheche inayoruka kwenye gurudumu lake kavu ni joto, na ukingo mwembamba huungua kabla hajauondoa.

Chuma cha springi hushika kutu. Baada ya nyama, ndimu au maembe, kioshe na kukikausha. Kitageuka kijivu cha moshi, na rangi hiyo iachwe, maana hupunguza kasi ya kutu. Wekundu ndio adui, na huondolewa mara moja. Paka mafuta ya nazi. Ya alizeti hugeuka gundi yakikaa. Nyumbani usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kuukabidhi kwa chuma usiku kucha.

Ukiagiza kisu, usimwambie mhunzi akitengeneze kizuri. Mpe urefu, mgongo, na unene nyuma ya makali. Mwambie kizimishwe katika mafuta na kirudishwe motoni mara mbili hadi manjano ya bua, na kwamba kazi ya grinda imalizike kabla ya moto, baada yake iwe jiwe na maji tu. Kubali kulipa zaidi na kungoja, maana hayo yanakula makaa na siku yake. Na ukimpata anayekataa kukukabidhi kisu kwa sababu makali yalipinda kwenye ufito wa shaba, mlipe hata kazi ya siku hiyo, na umwachie akifue kingine.