Kashata za Chanji

Tairi la njia mbaya halisifiwi kwa mpira wake. Mpira matairi yote yanao. Linasifiwa kwa mapengo yake: ile mifereji iliyoachwa wazi kati ya kashata na kashata, upana wake, na jinsi inavyofunguka kuelekea begani ili tope lipate pa kutokea. Tairi likizunguka, tope lililobanwa mferejini hurushwa nje, na kashata hurudi chini ikiwa safi, tayari kuuma tena. Mifereji ikiwa finyu, tope huganda humo humo, na baada ya mizunguko michache gari linakuwa limevaa udongo na kukanyaga udongo. Hapo tairi jipya na kipara havina tofauti.

Mafundi matairi wa Chanji, hapa Sumbawanga, wanalijua hilo bila kuchorewa ubaoni. Mji wetu uko juu ya uwanda wa Ufipa, Ziwa Tanganyika likiwa magharibi na Ziwa Rukwa mashariki. Lami imefika. Kutoka Tunduma mpaka mjini unateleza tu. Lakini mahindi hayalimwi kwenye lami, wala mpunga wa bonde la Rukwa hauvunwi hapo. Mvua zikianza, gari linaloshuka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze au Mtowisa hupambana na mawe makali mlimani, kisha likifika bondeni hupambana na udongo unaonata. Seti moja ya matairi, safari moja, maadui wawili wasiofanana hata kidogo.

Kazi ya fundi huanza kwa kiganja. Huchuchumaa mbele ya tairi akakipitisha juu ya kashata kwenda, kisha kurudi. Kikipita laini upande mmoja na kukwaruzwa upande wa pili, alaimenti imekaa vibaya, na hakuna tairi jipya litakalodumu kwenye gari hilo mpaka irekebishwe. Kashata zikilika pande zote mbili na kubaki nene katikati, dereva anatembea na upepo mdogo. Zikilika katikati, mwenye gari anapenda kujaza kupita kiasi. Mabonde na vilima vikizunguka tairi zima, mtuhumiwa ni shokapu. Baada ya hapo hutafuta ubavuni zile tarakimu nne zinazofunga mstari wa maandishi unaoanza na DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na tairi la mtumba lenye kashata nene za kutamanisha linaweza kuwa rika la mtoto wa darasa la saba. Mteja anakodolea kashata. Fundi anasoma tarakimu, kisha anakandamiza bega la tairi akitafuta nyufa.

Ila ukitaka kumpima fundi sawasawa, mpe pancha ya 7.50-16, lile tairi la Land Cruiser mkonga na pikapu za mizigo, lenye tyubu ndani. Kwanza hufungua valvu na kuacha upepo uishe kabisa, kwa sababu baadhi ya rimu za namna hii hufungwa kwa ringi ya chuma, na ringi ikiruka wakati upepo ungali ndani haichagui pa kupiga. Ndipo huachanisha tairi na rimu kwa nyundo na vyuma viwili bapa, akizunguka kidogo kidogo, kiganja kwa kiganja. Anayelazimisha mahali pamoja hupasua mdomo wa tairi, na mdomo ukipasuka hakuna kiraka. Tyubu ikitoka, hujazwa upepo kidogo na kuzamishwa kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaseme lilipo tobo.

Hapo fundi mwenye haraka hukimbilia kiraka. Huyu ninayemsema huweka tyubu pembeni na kurudi kwenye tairi. Huingiza mkono na kupapasa ndani taratibu, kitambaa mkononi, mzunguko mzima, kwa maana kilichotoboa tyubu mara nyingi bado kimo. Msumari ukiachwa humo, mteja atarudi kabla jua halijazama akilaani kiraka kisicho na hatia.

Kisha solusheni. Tyubu hukwanguliwa mpaka mng'ao wake uishe, vumbi hupanguswa, na solusheni hupakwa tabaka jembamba. Halafu fundi haigusi. Hukaa. Mteja anaanza kutazama saa.

“Fundi, si ubandike tu?”

“Subiri bosi, bado mbichi.”

Vijana wanaojifunza huteleza hapa kuliko mahali pengine popote, wakidhani gundi hushika ikiwa majimaji. Ndani ya solusheni mna kiyeyusho ambacho sharti kiruke hewani kwanza. Kikinaswa chini ya kiraka kitageuka mvuke pale tairi litakapopata moto barabarani, na kiraka kitaachia. Kwa hiyo fundi hujaribu kwa mgongo wa kidole: ikinata bila kuvuta uzi, imekuwa tayari. Kiraka hubonyezwa kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa isifungiwe, kisha husuguliwa kwa nguvu, mara nyingi kwa kigurudumu cha chuma chenye meno. Nimeona kazi nyingi za mikono zinazovutia macho kuliko hii. Sijaona nyingi ambazo sehemu yake ngumu ni kukaa bila kufanya chochote, huku unayemhudumia akinung'unika.

Miongoni mwa majina yanayopita kwenye mikono hiyo, liko moja lililoanzia kwenye viraka. William O'Neil alikuwa muuzaji wa matairi ya Firestone huko Kansas City, Marekani, na ndiko alikoanza kutengeneza vifaa vya kukarabatia matairi. Mwaka 1915 alirudi Akron, Ohio, mji uliokuwa tayari na Goodyear, Firestone na Goodrich, akaanzisha General Tire pamoja na baba yake, Michael. Vifaa vya ukarabati vilitangulia, matairi yakafuata. Baadaye kampuni ikawa na tamaa za ajabu: ilimiliki Aerojet, watengenezaji wa roketi, na mwaka 1955 ikanunua studio ya filamu ya RKO kutoka kwa Howard Hughes. Mwaka 1987 kitengo cha matairi kikaenda kwa Continental ya Ujerumani, na jina la General likabaki kwenye mpira, mahali pake.

Kwetu jina hilo lilikuja kwa njia ya Arusha. General Tyre East Africa ilianzishwa mwaka 1969, na matairi yakaanza kutoka kiwandani mwaka 1971. Sehemu kubwa ya hisa ilikuwa ya serikali, iliyobaki ya mbia wa kigeni. Kiwanda kilikuwa na mashamba yake ya mpira, Kihuhwi huko Muheza na Kalunga huko Kilombero. Wala mpira haukuwa mgeni upande wa Tanga: walowezi wa Kijerumani waliupanda kwa pupa, mpaka mwaka 1913 bei ilipoanguka kwa sababu mpira wa mashamba ya Asia ulifurika sokoni. Nairobi nao walikuwa na Firestone East Africa, iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 1969, ikaja kuwa Sameer Africa na kutengeneza Yana, hadi ilipoacha kutengeneza matairi jijini humo mwaka 2016. Arusha walitangulia kuzima mitambo. Serikali ilichukua hisa za mbia na kukikabidhi kiwanda kwa Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na habari za kukifufua zimekuwa zikija na kupoa. Nasikitikia ajira zilizopotea, na pia ujuzi wa mikono uliopotea. Kujenga tairi ni kutandika tabaka juu ya tabaka, nyuzi zikipita kwa pembe iliyopimwa, waya za mdomo zikikaa sawasawa, kisha kulitia kwenye kalibu ya moto ambamo salfa huufunga mpira, siri iliyogunduliwa na Charles Goodyear mwaka 1839. Ndani ya kalibu kila kitu kiko kinyume. Kinachokuja kuwa pengo kwenye tairi ni ukuta wa chuma kwenye kalibu, na aliyeuchora ule ukuta ndiye aliyeamua kama gari litatoka kwenye tope.

Matairi ya njia mbaya ya General leo huitwa Grabber. Yako kadhaa, lakini yanayostahili mjadala hapa kwetu ni mawili. Grabber AT3 ni la mchanganyiko: kashata zimesogeleana kiasi, zina vipasuo vidogo vya kukata maji, linakwenda lami na vumbi bila kelele nyingi. Grabber X3 lilitengenezwa kwa ajili ya tope, udongo na mawe. Mapengo yake ni mapana na kashata zinapanda mpaka ubavuni, ili tairi likizama kwenye mkondo wa magurudumu ubavu nao uume. Linapatikana hata lenye maandishi mekundu ubavuni, jambo ambalo halisaidii kitu kwenye tope ila vijana wa mjini wanalipenda. Mapengo hayo mapana yana gharama yake: mpira unaogusa lami unapungua, breki zinarefuka mvua ikinyesha, kelele zinajaa ndani ya gari, na kashata zinalika upesi. Kwa anayeishi Sumbawanga na kushuka bondeni mara moja moja, mimi ningemshauri AT na koleo nyuma ya gari. Fundi naye huuliza kabla ya kujibu: unabeba nini, unaenda wapi, mwezi gani?

Upepo nao una hesabu yake, na uwanda wetu unaifanya iwe tamu. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa karibu 800. Ukishuka mita 1,000 hewa ya nje inakuwa nzito zaidi, na geji itasoma pungufu kwa karibu 1.5, kwa kipimo kile kile cha 30 na 35 tulichozoea. Lakini bondeni kuna joto, na kila nyuzi 10 za sentigredi zikiongezeka huongeza karibu 1.6 kwenye tairi lililojazwa 35. Moja inapunguza, nyingine inaongeza, karibu sawa kwa sawa. Kinachovuruga mizani ni moto wa breki na mzigo mtelemkoni, na ndiyo maana anayepima upepo chini ya mlima tairi likiwa la moto, kisha akaupunguza, hujikuta asubuhi na matairi laini.

Kuna kazi moja mafundi wazuri huikataa. Mteja huja na kipara akitaka kichongwe kashata upya kwa kisu cha moto. Baadhi ya matairi ya malori huongezwa mpira wa akiba chini ya mifereji kwa ajili hiyo, na huandikwa ubavuni kwamba yanachongeka. La gari dogo halina akiba hiyo: kisu kinafika kwenye nyuzi, na tairi lenye sura mpya linapasuka likiwa mwendoni.

Kipara hicho bado kina kazi. Kitavalishwa tela la ng'ombe, au kitapelekwa kwa mshona katambuga. Huyu naye ana masharti yake. Tairi la waya halitaki, kwa kuwa waya huua kisu na ncha zake humchoma mvaaji. Tangu radiali, ambazo Michelin walizisajili mwaka 1946, zitawale soko, matairi ya nyuzi tupu anayoyatafuta yamezidi kuadimika, na 7.50-16 kuukuu la nyuzi sasa analigombania na wenye matela. Akilipata, hulichora soli kwa chaki akizungukia pale kashata zilipobaki. Soli hizo huwa za watu wanaopanda na kushuka mlima. Za kipara huwauzia wanaoshinda mjini, kwa bei ya chini.