Picha Hujibiwa

Mzee mmoja wa Moshi, mpiga picha wa zamani, ana namna yake ya kupokea picha. Huishika pembeni kwa ncha za vidole, uso wake usiguswe, kisha huiinamisha kidogo mpaka mwanga uiangukie ubavuni. Huitazama kimya, bila haraka. Akimaliza huigeuza, kwa sababu nyuma ndiko anakotarajia kukuta mwandiko: nani, wapi, lini. Nilikuwa nimeketi barazani kwake kijana mmoja wa mtaa alipomletea bahasha ya picha alizopiga Kilimanjaro. Kijana alimwamkia, mzee akaitikia marahaba, akazipitia moja baada ya nyingine. Nyuma zote zilikuwa nyeupe. "Mwanangu, umepiga vizuri," akasema, na alimaanisha. Kisha akaelekeza kidole juu ya picha moja bila kuigusa. "Huyu aliyebeba hema ni nani?" Kijana hakumjua. Alikuwa amepanda na kushuka naye mlima mzima.

Mzee hakumkemea. Alizirudisha picha ndani ya bahasha kwa mpangilio uleule na kumtakia kheri. Mimi ndiye niliyebaki na uchungu, maana niliona jinsi kazi aliyoifanya maisha yake yote inavyotutoka mikononi, na hakuna anayeililia.

Yeye alipanda na kamera miaka ambayo kila picha ilikuwa na bei. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na hukujua umepata nini mpaka uteremke, ufike mjini, uusafishe. Kwa hiyo alijifunza kungoja. Kilele cha Kibo hujifunua alfajiri, kisha mawingu hupanda kutoka msituni na kukifunika, na huenda kisionekane tena mpaka jua linapokaribia kuzama. Mwenye pupa alirudi na picha za mawingu. Ukipita kambi ya Horombo, kwenye meta zaidi ya 3,700, baridi ya usiku hula betri. Mzee alilala nazo ndani ya shati. Alipoingia kibandani penye watu na moto, hakuitoa kamera mpaka ipate joto polepole ndani ya mfuko wake, la sivyo mvuke ungetanda kwenye lenzi. Na kule juu kabisa aliuzungusha mkanda taratibu, kwa sababu filamu iliyoshikwa na baridi hukatika.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni theluji. Kipimo cha mwanga cha kamera hudanganywa na weupe wake. Ukikitii, barafu ya Kibo hutoka ya kijivu, na mtu mweusi aliyesimama mbele yake hugeuka kivuli kisicho na macho. Stadi alijua kufungua lenzi zaidi ya kipimo kilivyotaka. Lakini ukifungua mno, barafu nayo huungua na mikunjo yake yote hupotea. Hapo ilibidi mtu achague, na mzee huyu alichagua sura. Alimsogelea mpagazi, akapima mwanga mashavuni pake, akaiacha theluji ipate itakachopata. Katika picha zake unaona kovu juu ya nyusi, midomo iliyopasuka kwa baridi, chumvi ya jasho lililokauka shingoni. Na nyuma ya kichwa kuna kilele cheupe kupita kiasi, karibu kufutika. Baadhi ya wageni hawakuzipenda, maana walikuwa wamelipia mlima. Wapagazi walizipenda, wakazitundika ukutani.

Aliporudi dukani kwake alijifungia katika chumba cha giza, akasafisha picha zake mwenyewe chini ya taa nyekundu. Zikishakauka aliziandika nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa wino huweza kupenya karatasi na kujitokeza mbele. Hakuna picha iliyotoka mlangoni mwake bila jina. Hiyo haikuwa nyongeza ya kazi. Kwake yeye picha ilikuwa bado haijakamilika mpaka iandikwe, ili atakayeipokea awe na pa kuanzia kujibu.

Historia ya picha za milima yetu inaonyesha kwa nini jambo hilo lina uzito. Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, na majina yao hayakosekani katika vitabu. Ni wachache wanaomtaja Mwini Amani wa Pangani, aliyekaa nao kwenye kambi ya juu, katika uwanda wa baridi ulio kati ya Kibo na kilele jirani cha Mawenzi, ili wao wapate pa kurudi. Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella, bingwa wa picha za milima, aliandamana na Duke wa Abruzzi mpaka milima ya Rwenzori, penye mvua na ukungu usiokwisha, akatoka na picha ambazo hadi leo wapiga picha wanazitazama kwa heshima. Vilele vikapewa majina ya wafalme na malkia wa Ulaya. Kirefu kuliko vyote, chenye meta 5,109, kikaitwa Margherita. Wakonjo, wenyeji wa huko, waliobeba mizigo katika matope yale walibaki kuitwa wapagazi, basi.

Naijua tofauti kati ya mtu aliyeandikwa jina na asiyeandikwa kwa sababu ilifika nyumbani kwetu ndani ya bahasha. Baba yangu mdogo alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro, mmoja wa wale wanaoitwa wagumu. Mgeni Mjerumani aliyepanda naye aliahidi kumtumia picha, kama wengi walivyoahidi, na huyu akatimiza. Barua ilikaa posta mpaka mtu wa kijijini alipoiona na kutuletea. Ndani mlikuwa na karatasi ya salamu na picha moja: wanaume watano wamesimama Horombo mbele ya ule mmea mrefu wenye kilemba cha majani, mizigo iko chini miguuni mwao, mmoja ameangalia pembeni. Nyuma palikuwa na tarehe na neno Horombo.

Picha ile ilizunguka nyumba nzima. Bibi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza baba mdogo, "Koti hilo si la mdogo wako?" Kweli, lilikuwa la mdogo wake. Mama aliuliza kama pale walikuwa wameshakula. Jirani alitaka kujua jiwe lile la nyuma liko upande wa Mawenzi au wa Kibo. Kila aliyeishika aliuliza swali lake, na kila swali lilimfanya baba mdogo akumbuke jambo jingine, mpaka picha moja ikazaa simulizi ya jioni nzima. Sijapata kuona maonyesho ya picha yaliyopokewa vizuri kuliko hayo.

Siku iliyofuata baba mdogo aliniita na daftari langu la shule. "Andika," akasema. Nilitarajia aanze kwa kushukuru. Alianza na majina. Alinitajia wanaume watano kutoka kushoto kwenda kulia, jina la kila mmoja na la baba yake, na kijiji chake: Mamba, Mwika, Kilema, Marangu. Akasema kila mmoja alibeba nini: nani hema, nani jiko la mafuta ya taa, nani viazi, nani maji. Akaeleza kwamba yule aliyeangalia pembeni hakuwa na kiburi. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa sababu ya mlima na jua lilikuwa linamchoma macho, lakini mzigo hakuuacha. Akauliza kama kidole cha mguu cha mgeni, kilichoumia wakati wa kushuka, kimepona. Mwisho kabisa ndipo aliposhukuru. Niliyageuza yote hayo kuwa Kiingereza cha shule, tukanunua stempu.

Jibu lilikuja baada ya miezi mingi. Mgeni aliandika kwamba amenakili majina yote matano nyuma ya picha yake mwenyewe, na kwamba sasa anapowaonyesha watu safari yake huanza na hao watano kabla hajaanza na kilele. Baba mdogo alinisomesha sentensi hiyo mara nyingi. Naamini alilipwa siku ile malipo ambayo hakuyapata kwenye geti la hifadhi.

Tangu hapo nimeshika imani moja: ufundi wa picha una mikono miwili. Mmoja ni wa anayengoja mwanga, na mwingine ni wa anayepokea na kujibu. Mpiga picha huleta alichokiona. Mtazamaji huleta anachokijua. Mgeni yule aliona wanaume watano na mmea wa ajabu. Baba mdogo alimrudishia majina, ukoo, mzigo na maumivu. Bila jibu lile picha ingekuwa nzuri na bubu.

Nyumba zetu zilikuwa na shule ya mtazamaji huyo, nayo ilikuwa albamu. Mgeni alipoingia, kabla chai haijachemka, alipewa albamu mapajani na mtoto akaketi ubavuni pake kumweleza. Mtoto alijua ukoo wake kwa njia hiyo. Alijua shangazi aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, alijua nani alisoma Tabora, nani alifanya kazi bandarini Tanga. Na hata wasiofika mlimani walipewa mlima: studio nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na pazia lililochorwa mandhari, mtu akapigwa picha mbele yake akiwa amevaa vizuri, na waliokuja kuitazama hawakumcheka. Walimuuliza habari za siku aliyopigwa.

Asiyeamini kwamba jibu la mtazamaji lina nguvu na amkumbuke Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi. Mwaka 1984 alirekodi watu waliokuwa wakifa kwa njaa Korem, Ethiopia. Picha hizo zilipoonyeshwa Oktoba mwaka huo, zikiambatana na sauti ya mwandishi Michael Buerk, watu wa nchi za mbali waliuliza nani anakufa, wapi, na wafanye nini. Wakatoa walichokuwa nacho. Picha zile zilifanya kazi kwa sababu zilipata watu waliozitazama mpaka mwisho.

Leo tunapiga picha nyingi zaidi kwa asubuhi moja kuliko alizopiga mzee wa Moshi kwa mwaka, na hatuzitazami. Mtu anaonyeshwa picha za safari ya mwenzake, kidole kinazisukuma mbele, anasema "safi sana", anatuma kopa jekundu na kuendelea na mambo yake. Haulizi hapo ni wapi. Haulizi aliyeshika kamba ni nani. Aliyezipiga naye haoni haja ya kueleza, kwa kuwa hakuna anayengoja maelezo. Simu ikiibwa au ikianguka majini, harusi, msiba na mlima vyote vimekwenda pamoja. Nimeingia nyumba ambamo watoto wana picha zao wenyewe kwa maelfu na hawawezi kunionyesha hata moja ya babu yao.

Hasara hiyo si ya hisia tu. Barafu ya Kibo inaisha. Kati ya mwaka 1912 na 2007 zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake ilikuwa imetoweka. Rwenzori nako, wataalamu huchukua picha za Sella za mwaka 1906 na kuzilinganisha na za leo, mwamba kwa mwamba, na wanaona wazi barafu ilipokuwa na ilipokimbilia. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu inajulikana alisimama wapi na ilikuwa lini. Picha isiyo na tarehe wala mahali haiwezi kuitwa shahidi, hata iwe na rangi za kupendeza namna gani. Wajukuu wetu watakapouliza theluji ya Kilimanjaro ilifika wapi mwaka huu, tutawapa rundo la picha ambazo hakuna anayejua zilipigwa upande gani wa mlima, na mbele yake wamesimama watu wasio na majina.

Kamera mpya sizilaumu. Nyingi zinaona vizuri gizani kuliko macho yetu, na kijana yule wa mtaani ana jicho zuri kweli. Ninachokilaumu ni uzembe wa kuamini kwamba kazi imekwisha kidole kinapobonyeza. Mzee wa Moshi hana mwanafunzi. Duka lake limekuwa la kuuza vocha na vifuniko vya simu, na sanduku lake la picha zilizoandikwa kwa penseli liko chini ya kitanda, katika nyumba ambayo paa lake linavuja. Hakuna makumbusho yaliyowahi kugonga mlango wake.

Ndugu msomaji, wewe si lazima uwe mpiga picha ili uuokoe ufundi huu. Katika safari yako ijayo, uliza majina ya wanaokubebea mzigo kabla hujawaelekezea kamera, na uwatumie picha ulizowaahidi. Chapisha chache, uandike nyuma nani, wapi na lini. Na mtu akikuletea picha ya mlima alioupanda au bahari aliyoivuka, usimpe sifa za haraka ukaondoka. Kaa naye, itazame, umuulize swali moja la kweli. Anakudai hilo.