“Punguza kasi 20%, okoa nusu ya umeme”: grafu iliyosahau kilima

Kwenye vipeperushi vya wauzaji wa VFD (siyo ile ya risiti za TRA, nazungumzia kifaa cha kubadilisha kasi ya mota) kuna grafu moja haikosekani. Mstari unateremka kwa kujipinda, na chini yake ahadi: punguza kasi kwa asilimia 20, umeme unapungua karibu nusu. Hesabu yenyewe ni sahihi, maana 0.8 × 0.8 × 0.8 ni 0.512. Shida ni kwamba hiyo ni grafu ya feni, au ya pampu inayozungusha maji kwenye mfumo uliofungwa. Wao wanamwonyesha mtu anayepandisha maji kwenye tenki lililo juu ya kilima.

VFD inachukua umeme wa 50 Hz, inaugeuza kuwa DC, halafu inautengeneza upya kwa masafa unayotaka, iwe 35 au 45 Hz, na kasi ya mota inafuata. Feni ikienda polepole inasukuma hewa kidogo na kwa shinikizo dogo zaidi, ndiyo maana nguvu inashuka haraka hivyo. Kama kiwandani kwako hewa inapunguzwa kwa kubana njia yake huku feni inakimbia kasi ile ile, nunua VFD, sina ubishi.

Sasa njoo kisimani. Tuseme tenki liko mita 40 juu ya maji, na pampu yako kwa kasi kamili, vali ikiwa imefungwa, inafikisha kimo cha mita 60. Kimo hicho hushuka kwa mraba wa kasi. Kwa 40 Hz unabaki na 60 × 0.64, yaani mita 38.4. Tenki liko 40. Hakuna hata tone litakalofika! Mota inazunguka, mita ya umeme inasoma, na maji yanajizungukia ndani ya pampu yakipata joto. Hapa maji yanaanza kupanda karibu na 41 Hz, kwa hiyo uwanja wako wa kuchezea ni kuanzia hapo hadi 50 tu. Na ukikaa karibu na 41, lita zinazotoka ni chache kiasi kwamba kila moja inakula umeme mwingi kuliko ungekuwa kwenye kasi kamili.

Kinachonikera zaidi ni kipimo chenyewe. Kipeperushi kinahesabu kW zilizopungua. Kamati ya maji inayochangisha wananchi pesa ya umeme inahitaji kujua kWh kwa kila mita ya ujazo ya maji yaliyofika tenkini, na hiyo hutaiona popote. Kama tenki ni kubwa, mara nyingi pampu iliyochaguliwa vizuri, ikiwaka kwa kasi kamili na kuzimwa tenki likijaa, inaishinda VFD. Kifaa chenyewe nacho kinapoteza asilimia chache za umeme unaopita ndani yake.

Faida ya kweli kisimani ni kuwasha. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita hivi ya ampea zake za kawaida, VFD inaizuia isifanye hivyo. Lakini kama shida yako ni hiyo tu, kuna vifaa vya kuwashia taratibu vyenye bei ndogo.

Ukiamua kununua, chagua kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, usiishie kwenye hospawa. Ziingize kwenye VFD pamoja na volti, Hz na mizunguko kwa dakika. Angalia pia mpangilio wa mzigo: ule wa feni na pampu hupunguza volti sana kwenye kasi ndogo, na mkanda wa kubebea mizigo uliojaa unaweza kugoma kuanza. Halafu weka kikomo cha chini cha Hz. Kwa pampu ya mfano wetu usikiache kwenye sifuri kilichotoka nacho dukani, kiwe juu ya 41, na fundi akiandike ndani ya mlango wa boksi.