Kisanduku cha Nyimbo: Faida Yake na Hasara Yake

Kila chombo kipya kiingiapo mjini hupata watu wa namna mbili: wanaokisifu bila kukijua, na wanaokilaumu bila kukigusa. Sisi hatutaki kufuatana na hao wala na hawa. Twataka kukiweka mizanini kile kisanduku kidogo cha nyimbo kiitwacho MP3, ambacho vijana wa Lubumbashi wamekitia mfukoni miaka mingi, nacho huimba bila santuri wala kanda. Ni kweli kwamba leo wengi wamekiacha, wanatumia simu. Lakini simu hufanya kazi ileile kwa namna ileile; basi tutakayoyasema hapa yaihusu nayo pia.

Kwanza tutazame asili yake. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, mashine ndogo ya kanda iliyotembea na mwenyewe. Mwaka 1998 Wakorea walianza kuuza visanduku vya MP3, na mwaka 2001 kampuni ya Apple ya Marekani ikaleta iPod, iliyoweza kubeba nyimbo kama 1,000. Siri yao ni hii: sauti huandikwa kwa tarakimu, na zile sehemu ambazo sikio halizitambui kwa urahisi huachwa. Dakika moja ya muziki katika sidii yataka nafasi ya megabaiti 10 hivi. Kwa MP3 ya kawaida megabaiti 1 yatosha. Ndiyo sababu kadi iliyo ndogo kama ukucha huweza kubeba santuri za kabati zima.

Sasa tuseme wema wake. Wema wa kwanza ni kuhifadhi. Santuri huchunika, kanda huharibiwa na joto na vumbi, na kila nakala ya kanda huwa hafifu kuliko mama yake. Nakala ya tarakimu sivyo: ya mia ni sawa na ya kwanza. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akipiga gitaa na kuimba wimbo wake Masanga. Mwenda alifariki mwaka 1990, lakini kijana aliyezaliwa baada ya hapo aweza kuvisikia vidole vyake katika kisanduku cha bei ndogo. Vivyo hivyo Missa Luba ya waimbaji wa Kamina, iliyotiwa katika santuri mwaka 1958 chini ya Padri Guido Haazen. Hili si jambo dogo.

Wema wa pili ni kwamba chakula chake ni kidogo. Kila mtu wa Lubumbashi ajua jinsi umeme unavyokatika. Gramafoni kubwa ya stima hunyamaza pale pale; kisanduku hiki huendelea kwa saa nyingi, tena kibao kidogo cha jua chatosha kukichaji. Wema wa tatu ni kufundisha. Mwimbaji wa kwaya asiyejua kusoma nota aweza kurudia sauti yake mara ishirini, nyumbani, bila kumchosha mwalimu wala jirani.

Haya, tugeuze mizani. Kasoro ya kwanza ni ya masikio. Anayetia visikizio masikioni na kufungulia sauti kwa nguvu hujidhuru polepole, wala hasikii maumivu ya kumwonya. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa juma. Na sauti ikizidi hapo, saa zipunguzwe sana.

Kasoro ya pili ni betri. Katika iPod betri ilifungiwa ndani, mwenyewe asiweze kuibadilisha kwa urahisi. Wanunuzi wa Marekani walishtaki kwamba betri zile zilikufa mapema, na mwaka 2005 kampuni ikakubali mapatano ya kuwafidia. Mwaka 2022 iPod ikaacha kutengenezwa. Jambo hili latugusa sisi kuliko wengi, kwa sababu betri za vyombo vidogo kwa kawaida hutengenezwa kwa kobalti, na nchi yetu hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ichimbwayo duniani, nyingi ikitoka katika iliyokuwa Katanga. Madini yatoka kwetu ndani ya magunia, yanarudi yakiwa kisanduku kisichofunguka, na baada ya miaka michache yanatupwa jalalani. Kwa hiyo twakisifu zaidi kile chombo cha bei rahisi ambacho mfuniko wake wafunguka na betri yake yauzwa sokoni, ingawa hakina sura nzuri. Kifaacho kutengenezwa ni bora kuliko kinachong'aa.

Lakini kasoro iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ya tatu: wimbo hupoteza jina. Katikati ya santuri palikuwa na karatasi ya mviringo, imeandikwa jina la wimbo na la mwimbaji. Mnunuzi alijua amemnunua nani. Leo mtu hutoa franka chache, akajaziwa kadi nyimbo mia tano, na akizitazama nyingi huonyesha namba tu: wimbo wa 1, wimbo wa 2. Nani kaimba? Wa Likasi au wa Kinshasa? Mwaka gani? Hajui, wala mtoto wake hatajua. Wazee walisema: mwacha asili ni mtumwa. Wimbo usio na jina hauwezi kumlipa aliyeutunga. Sheria ya haki za watunzi ipo nchini tangu tarehe 5 Aprili 1986, lakini sheria itamlipaje mtu asiyetajwa?

Wala tusikisingizie chombo. Tangu mwaka 1996 faili ya MP3 ina mahali pa kuandikia jina la wimbo, la mwimbaji, na mwaka. Nafasi ipo, mikono yetu ndiyo iliyoiacha tupu.

Hukumu yetu basi ni hii. Kisanduku hiki ni ghala jema, nacho chastahili bei yake kwa mwenye kujua anachoweka ndani. Anayetaka kununua achague kinachofunguka, kinachopokea kadi, na ajizuie kufungulia sauti. Aweke nakala ya pili mahali pengine, maana kadi ikipotea yote hupotea siku moja. Na kila anaponakili wimbo aandike jina la mwenyewe. Kwaya zenu nazo zifanye vivyo hivyo: mkirekodi, andikeni mtunzi, mahali na mwaka kabla ya kumpa mtu nakala. Kazi hiyo ni ya dakika moja, haigharimu hata franka. Msipoifanya, baada ya miaka hamsini wajukuu watazisikia sauti zenu safi kabisa, nao watauliza ni za nani.