Kushtaki na Kushtakia: Ayubu na Ulimi Wake

Utendi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha mjini London katika miaka ya 1920, aghalabu husomwa kuwa ni utungo wa subira, na subira yenyewe ikafasiriwa kuwa ni kunyamaza. Ufasiri huo ni finyu. Wamwondolea Ayubu ulimi.

Katika Kurani, sura ya 21, Ayubu aitaja dhara iliyompata mbele ya Mola wake. Yaakubu naye, katika sura ya 12, asema kuwa huzuni yake aipeleka kwa Mwenyezi Mungu. Kiswahili kina kitenzi cha tendo hili: kushtakia. Herufi moja tu yakitenga na kushtaki. Amshtakiaye Mungu amemkiri kuwa hakimu. Amshtakiye amemsimamisha kizimbani. (Malenga mwenye haraka ya vina na aichunge herufi hiyo.)

Ayubu wa Biblia aukaribia mno mpaka, huenda akauvuka. Adai aandikiwe mashtaka yake, atamani mwamuzi baina yake na Mungu. Na katika sura ya 42 wanaokemewa ni rafiki zake, waliojitwika kazi ya kumtetea Mungu. Ayubu ndiye aliyenena sawa. Ibrahimu yumo katika vitabu vyote viwili, akijadili kwa ajili ya watu wa Lutu, na Kurani yamsifu papo hapo kwa upole wake. Iblisi pia alihoji, ila alijitetea nafsi yake.

Kaloleni, Arusha, kama kwingineko, Mwislamu na Mkristo husikilizana msibani neno moja: kazi ya Mungu haina makosa. Ni neno la faraja, lakini lina hatari yake. Katika mji huohuo iliketi, tangu 1995 hadi 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Mwaka 2003 ilimhukumu Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji wa Kisabato, kifungo cha miaka 10. Miongoni mwa waliokimbilia Mugonero Aprili 1994 walikuwamo wachungaji wenzake. Walimwandikia barua wakimwomba awasemee. Hawakuokoka. Kulisema neno lile la msibani juu ya makaburi yao, kisha kunyamaza, ni kumbebesha Mungu kazi iliyofanywa na watu wenye majina.