Namba Zilizo Mbele ya Hedi: Corvette ya 1963 Inavyorudishwa Ilivyotoka Kiwandani

Kioo cha nyuma cha Corvette Sting Ray ya 1963 kimegawanywa katikati na uti unaoshuka kutoka kwenye paa. Bill Mitchell, mkuu wa ubunifu wa General Motors, aliung'ang'ania uti huo. Mhandisi Zora Arkus-Duntov aliupinga, kwa sababu unamziba dereva asione nyuma. Mwaka 1964 ukaondolewa, na wenye gari za mwaka uliotangulia wakaona zao zimepitwa na wakati. Baadhi yao waliukata na kuweka kioo kizima cha 1964. Kupe za modeli ya 1963 zilizotoka kiwandani St. Louis ni 10,594 tu, na leo wapo wanaolipa fedha nyingi ili uti uleule uliotupwa uungwe upya.

Kuuunga si kazi ya kubandika tu. Bodi ya gari hili ni ya faibaglasi, na vipande vyake vya kiwandani vilikandamizwa kati ya kalibu mbili, hivyo ni laini nje na ndani. Vingi vya vipande vya badala vilivyotengenezwa baadaye viliundwa kwa mkono juu ya kalibu moja: mbele vinang'aa, nyuma nyuzi zimesimama. Fundi mzoefu hupitisha mkono ndani ya madigadi kabla hata ya kuuliza bei. Kisha hutafuta tepe za faibaglasi zilizogundishwa kwa ndani pale vipande viwili vinapokutana. Zikikosekana, au zikiwa na gundi ya rangi ngeni, ujue hapo pamewahi kugongwa.

Faibaglasi haili kutu, na hilo limewaponza wanunuzi wengi. Ndani ya bodi mna fremu ya chuma inayozunguka kioo cha mbele na kushika milango, na chini mna chesisi ya chuma pia. Maji yakipenya pembeni mwa kioo, chuma huoza kwa miaka huku rangi ya nje ikibaki ya kupendeza. Ndiyo maana ukaguzi wa maana huanza kwa kufungua mapambo ya kioo na kulala chini ya gari, karibu na matairi ya nyuma, mahali chesisi inapopanda.

Swali linaloamua thamani, hata hivyo, liko kwenye injini: je, ndiyo iliyozaliwa na gari hili? Jibu limeandikwa kwenye kipande kidogo cha chuma mbele ya hedi ya kulia. Tuseme pamegongwa F0212RF. F ni Flint, Michigan, injini ilikoundwa. 0212 ni tarehe 12 Februari. RF ni injini ya inchi za ujazo 327 yenye mfumo wa Rochester wa kupuliza mafuta na nguvu za farasi 360. Pembeni yake zinagongwa namba za gari lenyewe, na lazima zilingane na bamba la chesisi. Nyuma ya bloku mna namba ya subu, 3782870, na tarehe ya kumiminwa kwa chuma: A 29 3 ni Januari 29, 1963. Tarehe hizo lazima zifuatane. Chuma hakiwezi kumiminwa baada ya injini kufungwa, wala injini kufungwa baada ya gari kutoka kiwandani.

Namba zinaweza kughushiwa, ila uso zilipogongwa ni mgumu zaidi kuuigiza. Mashine ya Flint ilichonga uso wa bloku kwa mkwaruzo mmoja mrefu, ikaacha mistari myembamba sambamba inayotoka mbele kwenda nyuma. Chini ya lenzi, herufi halisi zinaonekana zimegongwa juu ya mistari hiyo. Mistari ya duara au alama za msasa ni dalili kwamba uso ulifutwa na kugongwa upya.

Hapa ndipo fundi mwema anapoweza kuharibu. Bloku iliyopinda husawazishwa kwenye mashine ili gasketi ya hedi ikae sawa, na hiyo ni kazi halali ya gereji yoyote. Lakini kipande chenye namba ni sehemu ya uso huohuo. Mashine ikipita moja kwa moja, namba na mistari vinaondoka kwa pamoja, na gari linabaki na injini nzima isiyo na ushahidi. Mwenye gari anapaswa kumwambia fundi mashine, kwa maandishi, asimamishe mkato kabla ya kufika pale. Ni maagizo ya sentensi moja, na hakuna uamuzi mwingine katika kazi nzima unaolinda thamani kiasi hicho.

Spea nazo zina mitego. Alteneta ya Delco-Remy ina tarehe yake, vioo vina alama zao, na vyote vinatakiwa vitangulie gari kwa muda unaoingia akilini. Spea ambayo haijawahi kufungwa, ikiwa bado kwenye boksi la General Motors, huuzwa ghali sana, ila nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya matengenezo na zina tarehe za miaka ya mbele. Kwenye gari la 1963, alteneta iliyochakaa yenye tarehe sahihi ina maana kuliko mpya ya 1968.

Chama cha NCRS, kilichoanzishwa 1974 na wapenzi wa Corvette, hupima magari kwa kipimo kimoja: lilivyokuwa lilipotoka kiwandani. Kwa hiyo rangi inayong'aa kama kioo inapunguza alama, maana laka ya akriliki ya zama zile ilikuwa na mawimbi kidogo, na mishono ya bodi ilionekana ukiangalia kwa pembeni. Wenye gereji za maonyesho hawapendi kulisikia hilo, ila wakaguzi wako sahihi: kilichoboreshwa si kilichorudishwa.

Tuzo yao ya juu, yenye jina la Duntov, haitolewi kwa gari la kutazamwa tu. Mkaguzi hukaa ndani na gari likaendeshwa barabarani, huku honi, waipa, hita, redio na saa ya dashibodi vikijaribiwa kimoja kimoja kuona kama vinafanya kazi.